Juu ya Kusoma Hadithi za Upelelezi Wakati wa Likizo

Wapo wanafunzi wanaosema kwamba hadithi za upelelezi ni za kupitishia wakati tu, na wazazi wengine hukasirika wakimwona mtoto akizisoma. Mimi pia nilikuwa na mawazo hayo mpaka likizo ya Desemba iliyopita. Basi napenda kueleza jinsi hadithi moja ilivyonifundisha, na namna ya kuzisoma hadithi hizo hata zikamfaa mtu.

Kwetu ni hapa hapa Magamba. Siku za mvua ukungu hushuka kutoka msituni mchana kutwa, na mtu hana raha ila karibu na moto wa jikoni. Hapo ndipo nilipoketi na kitabu cha visa vya Sherlock Holmes nilichokiazima maktabani. Aliyekitunga ni Arthur Conan Doyle, daktari wa Uingereza, aliyeishi tangu 1859 hata 1930. Kisa nilichokipenda kilitolewa mara ya kwanza katika gazeti la London, Januari 1892, na habari zake ni za siku za Krismasi.

Kito cha buluu cha bibi mmoja mwenye cheo kimeibwa hotelini. Anakamatwa fundi bomba, John Horner, kwa kuwa aliingia chumbani mle kufanya kazi, na kwa kuwa zamani aliwahi kuhukumiwa kwa wizi. Baada ya siku chache kito kinaonekana kooni mwa bata bukini aliyechinjwa kwa sikukuu! Holmes anamtafuta mwenye bata kwa tangazo la gazetini. Anapofika, anamwambia kwamba bata wake ameliwa, ila manyoya, miguu na koo vipo akivitaka, na bata mwingine yuko tayari. Yule bwana anacheka, anampokea bata mpya kwa furaha. Holmes anajua papo hapo kwamba huyu hana habari ya kito. Mwizi mwenyewe sitamtaja, msomaji amtafute.

Nilipofika pale Horner alipokamatwa, nilikiweka kitabu chini. Juma lile lile fedha za mama, shilingi elfu arobaini za sikukuu, zilikuwa zimepotea. Alituhumiwa kijana anayetukatia majani ya ng'ombe, kwa sababu mwaka uliotangulia alichuma mahindi yetu bila ruhusa. Baba alisema, "Mwenye kovu usidhani kapoa," akaamua kwamba kijana aondoke asubuhi bila mshahara wake wa mwezi. Na mtu wa kwanza kulitaja jina lake nilikuwa mimi.

Nikatwaa daftari nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika tuliyoyaona, na upande wa pili tuliyoyadhani. Upande wa kwanza ulikuwa na mambo mawili tu: asubuhi fedha zilikuwamo kikapuni, na jioni hazikuwamo. Habari zote za yule kijana ziliangukia upande wa pili. Ndipo nilipomwuliza mama kikapu kilikwenda wapi siku ile. Akasema alikwenda nacho sokoni Lushoto, mvua ikamkuta njiani, naye alikuwa amevaa koti la baba. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, bado bichi. Fedha zilikuwamo katika mfuko wa ndani.

Baba alimwomba kijana radhi, nami nikamwomba pia. Alijibu kwamba yamekwisha, lakini usiku ule hakula pamoja nasi.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu mambo matatu. Kwanza, usomapo hadithi ya upelelezi, uwe na daftari lenye pande mbili kama nilivyofanya, na kila sura ikiisha uangalie upande upi umejaa. Pili, usitafute yale tu yanayomtia mtu hatiani. Tafuta pia jaribio linaloweza kumtoa, kama Holmes alivyofanya kwa kumpa yule bwana bata mwingine. Tatu, ukimaliza rudia kusoma tangu mwanzo. Utaona kwamba dalili nyingi zilikuwa mbele ya macho yako, nawe ulizipita kwa haraka.

Mtu asidhani kwamba hadithi hizi ni za Kiingereza peke yake. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alitunga kitabu kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale. Kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huvuta kiko kama Holmes. Mahali ambapo wengine wanauogopa mzimu, yeye hutafuta kazi ya mkono wa binadamu. Ndicho ninachokusudia kukisoma likizo ijayo.

Wazazi wetu nawaomba wasiwakataze watoto vitabu hivi, bali wawaulize kila jioni: "Nani unamshuku, na umeona nini?" Mtoto akishindwa kulijibu swali la pili, afadhali alinyamazie lile la kwanza. Laiti ningaliulizwa hivyo Desemba iliyopita, kabla sijalitaja jina la mtu.