MCHEZAJI ANAPOONDOKA

Somo la vikundi vya nyumbani
Soma: Matendo 13:13, Matendo 15:36–41, 2 Timotheo 4:9–11



Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni mpenzi wa mpira wa kikapu, na wazee wawili wa mtaa wamenionya kwa upole kwamba usiku ninaokesha nikitazama michezo ya Marekani ungefaa zaidi kwa sala. Onyo nimelipokea. Lakini mchezo huo ulinisaidia kuelewa habari ya Yohana Marko, ambayo nilikuwa nimeisoma miaka mingi nikiwa upande wa Paulo.

Mwaka 2010 LeBron James alitangaza katika televisheni kwamba anaiacha timu ya Cleveland na kwenda Miami. Alikuwa mzaliwa wa Akron, karibu na mji huo, na alikuwa ameichezea Cleveland misimu 7. Watu walichoma moto fulana zenye jina lake, na mwenye timu akaandika barua ya wazi ya kumshutumu usiku ule ule. Mimi niliye Dar es Salaam, ambaye sijakanyaga Cleveland wala sitazamii kukanyaga, nilikasirika pamoja nao. Nilimwita msaliti.

Wakati huo nilikuwa naipenda timu ya Memphis, kwa sababu mwaka 2009 ilimchukua kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa hapa Dar es Salaam, akiwa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wote wa mwaka ule. Hakuna Mtanzania aliyefika katika ligi ile kabla yake. Basi, Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston ili wapate mchezaji mwingine. Machi 2012 Houston nao wakampeleka Portland. Katika ligi ile wachezaji walio wengi hawaulizwi. Huambiwa tu wafungashe. Sikusikia mtu akiwaita Memphis wasaliti. Tulisema, ni biashara.

Hapo ndipo nilipoanza kujihoji. Mwenye timu akimtoa mchezaji ni biashara. Mchezaji akijiondokea mwenyewe ni usaliti. Kipimo hiki nilikitoa wapi? Tena zamani hali ilikuwa ngumu zaidi, maana hata mkataba ukiisha, mchezaji alibaki amefungwa na timu yake. Oscar Robertson, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wachezaji, alifungua kesi mwaka 1970, na mapatano yaliyoanza kuwafungulia mlango yalipatikana mwaka 1976.

Baadaye mwaka 2012 Thabeet alijiunga na Oklahoma City, nami nikahamia huko kwa moyo, kama ilivyo desturi yetu mashabiki. Kisha nikajua timu ile ilitoka wapi. Ilikuwa ya Seattle tangu mwaka 1967, ikatwaa ubingwa mwaka 1979, na mwaka 2008 wenye mali wakaihamisha yote baada ya ugomvi juu ya uwanja mpya. Watu wa Seattle walikuwa waaminifu kwa miaka 41, na timu ikaondoka. Furaha yangu ilikuwa msiba wao.

Sasa tumtazame Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Maandiko hayatuambii sababu. Safari nyingine ilipopangwa Paulo alikataa kabisa kumchukua, na ugomvi ukawa mkali hata yeye na Barnaba wakatengana. Lakini mwishoni, Paulo akiwa kifungoni, anaomba Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa. Ni Marko yule yule.

James alirudi Cleveland mwaka 2014. Mwaka 2016 timu yake, ikiwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1 katika fainali na Golden State, ilishinda ubingwa, na mji ule ulikuwa umekaa miaka 52 bila ubingwa wa mchezo wowote mkubwa. Alipoondoka tena mwaka 2018 kwenda Los Angeles, hasira ya mwaka 2010 haikurudi.

Sisemi kwamba kuondoka si kitu. Mkataba si agano. Mume na mke wamewekeana agano mbele za Mungu. Wao hawana dirisha la usajili. Lakini mara nyingi tunamdai mtu agano ambalo hakuliweka, nasi wenyewe hatukumpa hata mkataba.

Mwalimu mmoja wa kwaya alituacha akaenda mtaa mwingine. Hatukuwa tumemlipa hata nauli, wala hakuna aliyemwuliza anapanda magari mangapi kuja mazoezini. Katika sherehe ya kwaya jina lake halikusomwa, na aliyeliondoa katika orodha ni mimi. Arusini nilimpita bila kumsalimu. Mwaka jana, baada ya Pasaka, nilikwenda nyumbani kwake. Alinikaribisha chai, akauliza kama sauti ya nne bado wanachelewa kuingia.

Maswali ya kujadili: Je, Barnaba aliona nini kwa Marko ambacho Paulo hakukiona wakati ule? Katika mtaa wetu, ni nani ambaye jina lake tumeacha kulitaja tangu alipoondoka? Na kabla hajaondoka, tulimtendea nini?