Gari la Familia ni Chumba cha Nyumba

Nenda kwenye gari lililoegeshwa uani, fungua mlango wa nyuma, kisha tafuta vifungio vya mikanda. Usiangalie kwa macho tu. Ingiza vidole pale kiti kinapokutana na mgongo wake. Katika magari mengi ya familia hapa Dar es Salaam utakutana kwanza na kava ambalo fundi amelishona bila kuacha tundu, halafu makombo ya biskuti, kalamu isiyo na kifuniko, sarafu ya shilingi mia, soksi ya mtoto, na chini kabisa kifungio chenyewe kimelala. Mwenye gari atakwambia mikanda ya nyuma ipo. Ipo kweli, lakini haifungiki.

Tumezoea kuzungumzia usafi wa jiko, choo na uwanja. Ndani ya gari hatufagii. Na ndimo mtoto wa Kimara au Mbagala anamonywea chai asubuhi akienda shule, anamomalizia kazi ya nyumbani jioni na anamolala foleni inapogoma kusogea. Chumba ambacho watoto wanakula na kulala kila siku kina haki ya kuangaliwa kama vyumba vingine.

Fujo na hatari

Nimeona akina mama wakifunga mlango wa gari haraka mgeni asije akaona viatu vya shule, kanga na madaftari yaliyotapakaa. Hakuna haja ya aibu hiyo. Daftari halimwambukizi mtu ugonjwa. Upande wa pili, lipo gari linalong'aa, dashibodi imepakwa mafuta, marashi yananing'inia kwenye kioo, na chini ya kapeti maji yamekaa wiki tatu. La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Kwa hiyo swali si kama gari linapendeza. Swali ni kitu gani kati ya vilivyomo kinaweza kumdhuru aliyekaa humo.

Chukua chupa ya maji. Ikiwa mkononi ni neema. Ikiwa sakafuni ni jambo jingine. Siku moja nikishuka kwenye daraja nilikanyaga breki, mguu ukakutana na kitu kigumu kinachobonyea nusu na kukataa nusu. Chupa ilikuwa imebingirika kutoka chini ya kiti changu. Niliipiga teke la kisigino ikatoka, gari likasimama kwa hatua chache tu. Tangu siku hiyo hakuna kitu kinacholala miguuni kwa dereva ndani ya gari langu, hata kandambili. Kumbuka pia kwamba gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, kila kisichofungwa kinaendelea mbele kwa mwendo uleule: jeki, kopo la maziwa, na mtoto ambaye mkanda wake umezikwa chini ya kava.

Samaki kutoka Feri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapoumia bila kujua kilichowaumiza.

Jumamosi asubuhi unanunua samaki kwenye soko la samaki la Feri, anafungwa kwenye mfuko, anawekwa kwenye buti. Unapitia sokoni, unamsalimia shangazi, unajaza mafuta. Jua la Januari limeshalichemsha gari. Nje kukiwa na nyuzijoto 32, ndani ya gari lililofungwa joto linapita 45 ndani ya saa moja. Bakteria wa chakula huzaana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60, ndiyo maana inashauriwa chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2. Kwenye gari lenye joto hilo, hesabu saa 1.

Jodari na vibua wana shida yao ya pekee. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini katika nyama yao, na ikishaingia haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Samaki anaweza asinuke kabisa. Mmeshakula, dakika chache baadaye au ndani ya saa moja hivi, uso unawaka moto, mdomo unawasha kama umelamba pilipili, kichwa kinagonga, vipele vinatoka, wengine wanatapika au kuharisha. Wengi husema huyu hapatani na samaki, kumbe kosa lilikuwa la safari. Anayepumua kwa shida au kuvimba uso apelekwe kituo cha afya mara moja.

Beba ndoo yenye mfuniko na barafu, na umfanye samaki awe kituo chako cha mwisho kabla ya nyumbani. Ndoo ina faida ya pili: majimaji hayavuji. Maji ya samaki au ya kuku mbichi yakiingia kwenye zulia la buti, yanakuwa ndiyo kitanda cha mkate na maembe utakayobeba kesho, na mende hawachelewi kupata habari. Kinyesi cha mende na vumbi la miili yao ni vitu vinavyojulikana kuchochea pumu.

Bonyeza kapeti

Msimu wa masika, na hata usipokuwa wa masika, toa kapeti za miguuni zote. Bonyeza zulia la chini kwa kiganja, hasa upande wa abiria wa mbele. Kiganja kikitoka na unyevu wakati hakuna mvua, mara nyingi mpira unaotoa maji ya kiyoyozi umeziba na maji yanarudi ndani. Fundi huuzibua kwa muda mfupi. Unyevu ukikaa siku moja au mbili tu, kuvu huanza kuota, na ile harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni ndiyo dalili yake. Mwenye pumu au mafua ya mzio atapiga chafya kila akipanda. Marashi hayaondoi kuvu, yanaongeza kitu kingine cha kumkera.

Magari mengi yana chujio la hewa ya kiyoyozi, na kwa mengi ya Toyota tunayoendesha liko nyuma ya kijisanduku cha mbele ya abiria. Lichomoe. Ukilikuta jeusi, lina majani na mabawa ya wadudu, hiyo ndiyo hewa mliyokuwa mnavuta. Badilisha.

Gari lililoingiwa na maji ya mafuriko ni habari tofauti. Maji yale yamepita kwenye vyoo na mitaro. Vaa glavu na viatu, ng'oa mazulia yote, osha kwa sabuni, anika juani mpaka yakauke kabisa. Sponji ya kiti iliyolowa maji hayo ni afadhali kutupwa.

Sumu ya shambani, dawa ya hospitali

Mwenye shamba Mkuranga au Bagamoyo hubeba viuatilifu Jumamosi na watoto Jumapili, kwenye buti lileile. Dawa ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, ndani ya ndoo iliyofungwa, na ishushwe siku hiyohiyo. Usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi, anaona soda.

Dawa za binadamu nazo zisilale garini. Insulini huharibika kwa joto, na kopo la dawa ya pumu, kama lilivyo kopo la dawa ya mbu, linaweza kupasuka juani.

Mwanasesere aliyeachwa kwenye kiti pia ana hatari yake: mtoto mdogo atamfuata, atafunga mlango, atashindwa kuufungua. Mwili wake hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, na kioo kilichoachwa wazi kidogo hakimsaidii. Gari likiwa uani lifungwe, funguo zikae juu.

Siku ya kusafisha

Fungua milango yote. Toa takataka, kisha vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, maana ufagio mkavu hulirusha tu na litarudi mapafuni. Sabuni na maji vinatosha kwa sehemu kubwa. Ukitumia dawa ya klorini mahali palipomwagika damu au matapishi, usiichanganye na siki wala dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na gari ni chumba kidogo. Acha milango wazi mpaka pakauke.

Kisha chukua mkasi, toboa kava pale vifungio vilipo, uvivute juu. Wapandishe watoto mmoja mmoja, kila mtu afunge mkanda wake mwenyewe, na usikilize ule mlio wa kufunga, kiti kwa kiti.