Somo la Kupanga Kazi: Tafuteni Mlango Mwembamba

Vijana wengi kutoka vijijini wanakwenda chuo kikuu kusomea biashara. Wakirudi likizo tunawauliza, "Mnasoma nini huko?" Mmoja atasema anasoma uhasibu, nasi tunaelewa: ni kazi ya vitabu vya fedha. Mwingine atasema, "Nasoma usimamizi wa shughuli." Hapo wazee hutazamana. Shughuli gani? Arusi? Matanga?

Leo tutaeleza somo hilo ni kitu gani. Tena tutaona kwamba mojawapo ya mafunzo yake makubwa halihitaji digrii. Mtu yeyote anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kulitumia katika chama chake, na likamwokolea fedha.

SOMO HILI NI KITU GANI?

Usimamizi wa shughuli ni elimu ya kupanga kazi. Inafundisha jinsi ya kugeuza vitu vinavyoingia viwe vitu vinavyotakiwa, kwa gharama ndogo, kwa ubora na kwa wakati wake.

Kwenye mashine ya kusaga, mahindi yanaingia, unga unatoka. Kwenye zahanati, mgonjwa anaingia anaumwa, anatoka ametibiwa na amepewa dawa. Kwenye kiwanda cha nguo, pamba inaingia, khanga zinatoka. Kazi hizi hazifanani, lakini zote zina hatua. Kila hatua ina watu wake, vyombo vyake na muda wake.

Mwanafunzi anafundishwa mambo mengi: mahali pa kujenga kiwanda, kiasi cha mali ya kuweka ghalani, namna ya kukagua ubora, namna ya kupunguza foleni. Lakini kabla ya yote anafundishwa kuuliza maswali matatu:

1. Kazi hii ina hatua ngapi, na zinafuatana vipi?
2. Kila hatua inaweza kufanya kiasi gani kwa siku?
3. Kitu kinasimama na kusubiri wapi?

KAZI IKIGAWANYWA, WATU HUTEGEMEANA

Mwaka 1776 Adam Smith, mtaalamu wa uchumi kutoka Scotland, aliandika habari za karakana ndogo ya pini. Watu 10 waligawana kazi: mmoja alinyoosha waya, mwingine akaukata, mwingine akauchonga ncha, na kuendelea. Pamoja walitoa kiasi cha pini 48,000 kwa siku. Smith alisema kama kila mmoja angefanya kazi zote peke yake, asingefikisha hata pini 20.

Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford huko Highland Park, Marekani, kilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea. Fundi alisimama mahali pake, gari likamfuata. Zamani kuunganisha chasisi ya gari moja kulichukua zaidi ya saa 12. Mwaka 1914 muda huo ulishuka hadi kiasi cha saa moja na nusu.

Haya, kugawana kazi kuna faida kubwa. Lakini kunaleta jambo jingine. Kazi ikishafungwa kama mnyororo, kila mtu anamtegemea mwenzake. Mmoja akichelewa, wote wamechelewa.

Fikiri juu ya ng'ombe wanaotoka zizini asubuhi. Zizi linaweza kuwa kubwa na njia ya malishoni pana. Lakini kama mlango unapitisha ng'ombe mmoja mmoja, basi kundi lote litatoka kwa mwendo wa mlango ule. Ukiwachapa walio nyuma, watasongamana na kuumizana tu. Ukipanua njia ya malishoni, hujasaidia kitu.

Kila kazi ina mlango mwembamba wake. Mwaka 1984 Eliyahu Goldratt, raia wa Israeli, akishirikiana na Jeff Cox, alitoa kitabu kiitwacho The Goal. Kinaeleza jambo hili kwa hadithi ya meneja mwenye kiwanda kinachokaribia kufungwa. Fundisho lake ni fupi: saa moja ikipotea kwenye mlango mwembamba, imepotea kwa kiwanda kizima. Saa moja ikiokolewa mahali pengine, haijaokoa kitu.

MFANO WA KAHAWA

Sasa tuje kwenye jambo tunalolijua. Wakulima wengi wa kahawa ya arabika humenya kahawa yao pamoja, kwenye mtambo wa chama. Hatua zake ni hizi: kupokea na kuchagua kahawa mbivu, kupima, kumenya, kuvundika ili ute ulegee, kuosha, kuanika kwenye vichanja, halafu kuweka ghalani.

Kahawa mbivu haingoji. Inatakiwa kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Ikilala kwenye magunia inapata joto na kuanza kuchacha. Waonjaji wataigundua kikombeni, na bei itashuka. Jasho la mwaka mzima linaharibika kwa usiku mmoja.

Tuseme kuna chama kimoja (hesabu hizi ni za mfano). Wakati kahawa imechanganya, wanachama wanaleta kilo 2,400 za kahawa mbivu kwa siku. Kila jioni magunia yanabaki, na watu wamekasirika. Unaitishwa mkutano. Mmoja anasimama: "Mashine hii ni mzee! Tukope fedha, tununue kubwa zaidi!" Watu wanapiga makofi.

Kijana aliyesoma usimamizi wa shughuli angeomba ruhusa kwa mwenyekiti, kisha angesema, "Wazee wangu, kabla ya kukopa, tufanye hesabu kidogo."

Mashine inamenya kilo 500 kwa saa. Ikifanya kazi saa 6, ni kilo 3,000 kwa siku. Kumbe mashine inaweza kumenya zaidi ya kahawa yote inayoletwa!

Sasa tutazame vichanja. Chama kina vichanja 36. Kichanja kimoja kinabeba kahawa iliyotokana na kilo 500 za mbivu. Kahawa ikipanda kichanjani inakaa siku 12 kabla ya kuondolewa. Kwa hiyo vichanja vinavyopata nafasi kwa siku ni:

36 ÷ 12 = 3

Na vichanja 3 ni sawa na:

3 × 500 = kilo 1,500 kwa siku

Basi mlango mwembamba umeonekana. Siyo mashine, ni vichanja. Wanachama wanaleta kilo 2,400, vichanja vinapokea kilo 1,500. Kilo 900 kila siku hazina pa kwenda. Fundi wa mashine anasimamisha kazi kwa sababu hakuna pa kuanika, na watu wanadhani mashine ndiyo mbovu. Akiendelea kumenya, kahawa itarundikwa nene vichanjani, haitakauka, itaota ukungu.

Na ile mashine kubwa? Hata ikimenya kilo 1,000 kwa saa, vichanja vitabaki kupokea kilo 1,500 kwa siku. Chama kitakuwa na mashine mpya, deni jipya, na magunia yale yale nje ya mlango.

KANUNI YA FOLENI

Hesabu tuliyoifanya ina kanuni yake. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alichapisha uthibitisho wake. Inasema hivi:

Vitu vilivyomo ndani = vinavyoingia kwa siku × siku ambazo kila kimoja hukaa

Vichanja 3 kwa siku, mara siku 12, ni vichanja 36. Kanuni hii inafaa kwa wagonjwa zahanatini, kwa mahindi ghalani na kwa barua ofisini. Kama nafasi haiongezeki, njia ya kupitisha vitu vingi zaidi ni kupunguza siku za kukaa.

Hebu turudi tukaulize: mbona kahawa inakaa siku 12? Karani anafungua daftari. Kahawa inakauka kwa siku 10. Siku 2 zilizobaki inangoja tu, kwa sababu ghala linafunguliwa mara chache kwa juma na ufunguo yuko nao mtu mmoja. Kahawa imekauka, lakini imelala kitandani pa mwenzake!

Ghala likifunguliwa kila siku, hesabu inakuwa:

36 ÷ 10 = 3.6
3.6 × 500 = kilo 1,800 kwa siku

Zimeongezeka kilo 300 kwa siku, bila kukopa hata senti moja. Ni ufunguo tu.

Sasa zimebaki kilo 600. Hapo ndipo pa kutumia fedha. Ili kupokea kilo 2,400 kwa siku tunahitaji:

2,400 ÷ 500 = vichanja 4.8 kwa siku
4.8 × 10 = vichanja 48

Chama kina 36, kwa hiyo kiongeze 12. Mbao, wavu, misumari na nguvu za wanachama. Angalia vizuri: kama tungejenga kabla ya kurekebisha habari ya ufunguo, tungehitaji 4.8 × 12, yaani karibu vichanja 58. Tungejenga 22 badala ya 12. Ndiyo maana utaratibu ni muhimu: kwanza ondoa upotevu, halafu ndipo ununue.

MAMBO YA KUANGALIA

(a) Linda mlango mwembamba. Usiupitishie kitu kibovu. Kahawa mbichi, iliyoliwa na wadudu au inayoelea majini iondolewe kabla ya kumenywa. Ikifika kichanjani, imechukua nafasi ya kahawa nzuri kwa siku 10.

(b) Usiharakishe kwa kuharibu. Kukauka kuna muda wake. Jua kali la mchana hupasua kahawa, mvua huilowesha upya. Igeuzwe mara kwa mara, ifunikwe kwa wakati. Siku zinazopunguzwa ni za kungoja, siyo za kukauka.

(c) Andika. Tarehe ya kuanika na tarehe ya kuondoa ziandikwe kwa kila kichanja. Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bila daftari, zile siku 2 asingeziona mtu.

(d) Usimlaumu mtu kabla ya kuhesabu. Fundi wa mashine alilaumiwa bure. Mara nyingi ubaya uko kwenye mpango wa kazi.

(e) Tazama tena. Mlango mmoja ukipanuliwa, mwingine unaweza kuwa mwembamba. Vichanja vikiwa 48, labda maji ya kuoshea hayatatosha. Kazi ya kutafuta haiishi.

Ndugu msomaji, ndiyo hiyo shughuli wanayoisoma vijana wetu. Akirudi likizo, usimwache akae barazani tu. Mpeleke kwenye mtambo, mpe daftari na kalamu, mwambie, "Mwanangu, tuonyeshe mlango mwembamba uko wapi." Na wewe kaa naye, mhesabu pamoja.

MANENO YA KUKUMBUKA

Hatua: sehemu moja ya kazi inayofuatana na nyingine.
Mlango mwembamba: hatua inayopitisha kidogo kuliko zote.
Upotevu: muda, nguvu au mali inayotumika bila kuongeza faida.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mashine kubwa isingelisaidia chama katika mfano wetu?

2. Mvua imenyesha sana, kahawa inakauka kwa siku 15 badala ya 10. Chama kina vichanja 48. Kinaweza kupokea kilo ngapi za kahawa mbivu kwa siku? (Jibu: 48 ÷ 15 = 3.2, 3.2 × 500 = kilo 1,600.)

3. Chagueni kazi moja kijijini kwenu: kisima, mashine ya kusaga, zahanati au mahali pa kukusanyia maziwa. Andikeni hatua zake zote. Watu au vitu vinasubiri wapi zaidi? Ni jambo gani mnaloweza kulirekebisha bila fedha?