Krismasi ya Matawi: Kupamba Nyumba Bila Deni

Somo la wiki. Soma kwanza Nehemia 5:1-13 na Nehemia 8:9-18.

Tangu Desemba ianze nimepata maswali mawili kwa simu, na huja kila mwaka. La kwanza huja mchana: "Pasta, ni dhambi kuweka mti wa Krismasi kwa nyumba?" La pili huja usiku, kama saa nne hivi, na halina hata alama ya kuuliza: "Pasta niokolee na elfu mbili tu, nitarudisha tarehe tano." Jumapili nilihubiri kutoka Nehemia, muda ukaniishia kabla sijayafikia haya mawili. Kwa hivyo nayaandika hapa.

La mti nitalimaliza haraka. Wanaoupinga hushika Yeremia 10, pale nabii anapoeleza mti unaokatwa msituni, ukachongwa na fundi, ukapambwa kwa fedha na dhahabu, kisha ukapigiliwa misumari usianguke. Ukiishia aya ya nne unaweza kudhani Yeremia alipita Githurai juzi. Lakini endelea hadi aya ya tano. Kitu hicho hakiwezi kusema, hakitembei, lazima kibebwe, na watu walikuwa wanakiogopa. Hiyo ni sanamu ya kuabudiwa. Bado sijaona mtu hapa Mwiki akiuomba mti wa plastiki umpe kazi.

Kama desturi ya Krismasi, mti ulitoka Ujerumani. Kule Uingereza ulipata umaarufu mkubwa kuanzia 1848, gazeti moja la London lilipochapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wakiuzunguka na watoto wao. Na msidhani Wakristo wote wa Ulaya waliipenda sikukuu yenyewe. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka wa 1647. Scotland, walikotoka wamishonari wa Thogoto, Krismasi haikuwa sikukuu ya umma mpaka 1958. Kwa hivyo mtu akikwambia Mkristo wa kweli lazima apambe, au Mkristo wa kweli hawezi kupamba, mpeleke Warumi 14:5-6. Paulo anamwacha mwenye kuiheshimu siku na asiyeiheshimu, kila mmoja na dhamiri yake mbele za Bwana. Kama wewe na mwenzako hamkubaliani juu ya mti, basi amani ya hiyo nyumba ina uzito kuliko mti.

Swali la usiku ndilo zito.

Tunapenda kumhubiri Nehemia wa ukuta. Siku 52, kazi ikaisha tarehe 25 ya mwezi wa Eluli. (Najua kuna mtu ameona hiyo 25 akafurahi. Tulia.) Lakini katikati ya ujenzi kuna sura ya tano, na hiyo haihubiriwi sana. Kulikuwa na njaa. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa kulipa kodi ya mfalme. Watoto wao walikuwa wanachukuliwa utumwani kwa sababu ya madeni. Na waliokuwa wanawakopesha si wageni, ni ndugu zao Wayahudi, wakubwa wa mji. Nehemia akakasirika sana. Akaitisha mkutano, akawataka warudishe mashamba na nyumba, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakiitoza.

Hiyo sehemu ya mia, wasomaji wengi wa Maandiko huichukua kuwa asilimia moja kwa mwezi. Mimi nilisomea biashara, na nambari zikikaa mbele yangu siwezi kuzipita. Tuseme umekopa 10,000 kwa simu tarehe 20 Desemba, ada ikiwa asilimia 9 kwa mwezi. Tarehe 19 Januari unarudisha 10,900. Kwa kipimo kile cha wakubwa wa Yerusalemu, juu ya deni lako ungeongeza shilingi 100. Mia moja! Na Nehemia hakuinyamazia. Sasa tuseme Januari imekubana, ukaongezewa mwezi, halafu mwingine, ada ikibaki ile ile bila faini. Miezi mitatu umelipa 2,700 na ile elfu kumi bado inakungoja. Kuku aliliwa zamani.

Angalia pia hiyo tarehe ya kulipa inaangukia wapi. Kodi ya nyumba imeshapita au imebaki nusu. Shule zimefunguliwa, mtoto anataka karo, viatu, vitabu. Tumeupa mwezi huo jina la Njaanuari, tukalicheka, lakini mara nyingine njaa hiyo tunaipika wenyewe Desemba.

Kuna nafuu kidogo upande wa sheria. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 kuhusu wanaokopesha kwa simu, mkopeshaji haruhusiwi kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili akuaibishe. Akikufanyia hivyo, lalamika, usinyamaze. Ila kanuni haikulipii deni.

Na mtambue Nehemia alianza na nani. Hakuanza kwa kuwahubiria wenye madeni juu ya nidhamu ya pesa. Alianza na wakopeshaji. Baadhi yetu kanisani tunakopesha, kwa chama au kwa mfuko wetu. Kama unamdai mshirika mwenzako na unaijua hali yake, msogezee mpaka mwisho wa Februari bila kuongeza kitu juu. Kama una dada wa kazi, mlipe mshahara wake kabla hujanunua soda. Na wewe mwenye ploti, kufuli uliyopanga kuweka kwa mlango wa mtu tarehe 24, naomba uiombee kwanza.

Sasa nije nyumbani kwetu. Mwaka jana, kwenye kundi moja la nyumbani, mama mmoja alitueleza jambo ambalo ameniruhusu niliandike bila jina lake. Krismasi iliyokuwa imetangulia hawakuwa na kitu. Mumewe ni wa mjengo, na kazi ilikuwa imesimama tangu Novemba. Ploti yao ina nyumba kumi na mbili, saba zilikuwa zimeenda shags. Asubuhi ya tarehe 25 alifunga mlango kwa ndani, akavuta pazia, akazima taa, akawaambia watoto wake watatu wanyamaze, ili majirani waliobaki wadhani nao wamesafiri. Wakakaa hivyo mpaka jioni. Mchana yule mdogo alisikia harufu ya chapati ikiingia chini ya mlango, akaanza kulia. Mama akamziba mdomo na leso.

Aliyekuwa anapika hizo chapati ni mshirika wa kanisa hili. Alikuwa ameketi pale pale kwenye kundi akisikia. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua. Kwake yeye, ile nyumba ilikuwa tupu.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Huyo mama aliona njia mbili tu: akope ili mlango ufunguliwe, au aufunge. Kwa nini hakuona njia nyingine, na yuko katikati ya watu wa Mungu?

Soma Nehemia 8:10 polepole. Watu wamesimama wakisomewa Torati tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na wanalia. Wanaambiwa wasilie, waende wakale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuwa na kitu kilichoandaliwa. Haya yote yako ndani ya agizo moja. Huwezi kutii nusu ya kula ukaacha nusu ya kupeleka. Na ni kupeleka, wapendwa. Maskini haambiwi aje kusimama mlangoni mwako na sahani. Sahani inatoka kwako, inabisha kwake. Ukibisha mlango uliodhani hauna mtu, unaweza kusikia mtoto ndani.

Siku ya pili yake wakakuta katika Torati kwamba wanapaswa kukaa katika vibanda. Wakatumwa mlimani wakalete matawi: ya mzeituni, mzeituni mwitu, mhadasi, mtende, na miti yenye majani mengi. Sioni popote wakitumwa dukani. Wakajenga juu ya dari za nyumba zao, katika nyua zao, katika nyua za nyumba ya Mungu, na kwenye uwanja wa Lango la Maji na wa Lango la Efraimu. Andiko linashuhudia kwamba furaha ilikuwa kubwa mno, na jambo kama hilo halikuwa limefanyika tangu siku za Yoshua. Ni watu wale wale ambao muda si mrefu nyumba zao zilikuwa rehani.

Wengi wetu tuliolelewa shags tunaijua Krismasi ya matawi. Tawi la saiprasi lilikatwa kwa fensi, likasimamishwa ndani ya debe la mchanga, pamba ikatupwa juu yake iwe theluji ambayo hakuna mtu kwa hiyo boma aliwahi kuiona. Baluni nne. Kadi za Krismasi zimening'inizwa kwa uzi ukutani kutoka kona hadi kona, hata za miaka mitatu iliyopita. (Saiprasi wenyewe si mti wa Ulaya kama tunavyodhani. Ule tunaopanda sana Kenya asili yake ni Mexico.) Sikumbuki mtu akikopa kwa sababu ya tawi. Ni tulipofika huku Mwiki, kila mtu kwa chumba chake, ndipo mapambo yakawa ya kununuliwa na ya kulinganishwa.

Lakini ploti zetu zina kitu ambacho nyumba nyingi za geti hazina. Zina ua katikati, pale penye kamba za nguo na mfereji. Nehemia angeuona angejua la kufanya nao. Mwaka huu naomba mpambe huo ua kabla ya kupamba sebule. Ongeeni na keateka mapema. Watoto wapewe kazi: pakiti za unga zilizoisha zikatwe nyota, kadi za zamani zitolewe chini ya kitanda. Halafu chakula. Pakiti moja ya kilo mbili ya unga wa ngano inatoa kama chapati ishirini, kutegemea mkono wa mpishi. Nyumba tano zilizobaki zikileta pakiti moja moja, hizo ni chapati mia. Asiye na unga ana sufuria, au ana jiko, au ana mikono ya kusukuma. Akikaa pale anasukuma chapati, hakuna mgeni atakayejua ni nani alileta unga na ni nani hakuleta. Jirani ambaye kanisa lake haliadhimishi Krismasi, au ambaye ni Mwislamu, mpelekee sahani bila mjadala, na akikataa bado ni jirani.

Wenye nacho msikae pembeni mkidhani hili somo ni la wengine. Meza ya Nehemia ililisha watu 150, na kila siku ilihitaji ng'ombe mmoja na kondoo sita, na kwa miaka 12 hakudai chakula alichostahili kupewa kama liwali. Chinja mbuzi wako kwa amani. Soma tu Luka 14:12-14 kabla hujaandika orodha ya wageni.

Kuhusu bajeti, kaa na karatasi kabla ya tarehe 20. Juu kabisa andika Januari: kodi, karo, nauli ya wiki mbili za kwanza. Ondoa hizo. Kilichobaki ndicho Krismasi yako. Humo toa kwanza sehemu ya kupeleka, kisha chakula chenu, na mapambo yawe ya mwisho. Kama kilichobaki ni sifuri, Krismasi yako iko pale uani, na uje bila aibu. Nauli za shags zikipanda mara mbili kama kawaida yake, zipige hesabu pia. Mama yako huko nyumbani afadhali umtumie nusu ya hiyo nauli, uende kumwona Februari.

Jambo dogo ambalo si dogo: jiko la makaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha na chapati hazijaisha. Moshi wake mwingine hauonekani, na unaua watu wakiwa wamelala. Mshumaa na pamba visikae pamoja. Taa za mapambo zizimwe mnapolala.

Kwenye makundi ya nyumbani wiki hii, kila mtu aje na idadi ya nyumba zitakazobaki kwa ploti yake, na aseme ni ipi hajawahi kubisha mlango wake. Msiandike majina ya wenye shida, tuandike nyumba tu. Yule mama niliyemtaja ameomba awe msimamizi wa jiko kwa ploti yao, na jirani yake wa chapati yuko chini yake.

Kuhusu matawi, ndugu mmoja wa upande wa Mwihoko anapunguza fensi yake ya saiprasi Jumamosi kabla ya Krismasi, na amesema tuchukue bure. Tukutane kanisani saa tatu asubuhi. Mje na panga na kamba, na tusikate fensi ya mtu mwingine njiani.