Maji ya Kunyonyolea
Kijitabu cha elimu kwa wachinjaji, wauzaji na wapishi wa kuku wa Bwesumbu, Bwera na Kasese

Mwenye kusimama alfajiri kando ya soko, Bwera au Kasese mjini, mahali ambapo kuku huchinjwa chini ya kibanda cha mabati, ataona pipa moja limeinjikwa juu ya mafiga matatu, na maji yake yakitoa mvuke. Ataona kuku wa kwanza akitumbukizwa humo na kunyonyolewa mbio mbio, kisha wa pili, kisha wa kumi. Na akistahimili kusimama hata jua lipande, ataona kwamba maji yale yale, yaliyokuwa safi kama ya chemchemi, yamegeuka rangi ya mchuzi, na juu yake yanaelea manyoya, mafuta na kinyesi, ilhali kuku wa arobaini bado anatumbukizwa ndani yake. Kuku huyo wa arobaini yamkini alikuwa mzima kuliko wenziwe wote, amelelewa nyumbani kwa mahindi na mchwa. Lakini atatoka mle pipani amebeba uchafu wa thelathini na tisa waliomtangulia. Kwa ajili ya pipa hilo, kuliko jambo jingine lolote, tumeandika kijitabu hiki.

Vijidudu vyenyewe

Aghalabu watu hudhani kwamba kuku mwenye afya hana madhara, na kwamba hatari iko kwa yule aliyesinzia na kudondosha mabawa. Waama sivyo. Kijidudu kiitwacho kampilobakta hustawi katika joto la nyuzi 42, nalo ndilo joto la mwili wa kuku, basi hukaa utumboni mwake kwa salama bila ya kumtia ugonjwa wowote. Na vijidudu mia chache tu, visivyoonekana kwa jicho, vyatosha kumlaza mtu. Mwenziwe ni salmonela, aliyepewa jina la Daniel Salmon, tabibu wa wanyama wa Marekani, ijapokuwa aliyekitenga kijidudu hicho mwaka 1885, katika nguruwe, alikuwa msaidizi wake, Theobald Smith.

Wilaya ya Kasese inalijua jina la salmonela kwa uchungu. Tangu mwisho wa mwaka 2007 hata katikati ya 2009 homa ya matumbo ilienea humu kwa namna isiyo ya kawaida, na wagonjwa zaidi ya 200 walitoboka utumbo. Lakini inapasa tupambanue, maana tumesikia kuku wakisingiziwa maradhi yale: kijidudu cha homa ya matumbo huishi kwa binadamu peke yake, nacho huenea kwa maji na chakula kilichoingiwa na choo. Salmonela ya kuku ni ya ukoo huo huo, lakini tabia yake ni mbali. Huleta homa, kutapika, msokoto wa tumbo na kuhara, tangu saa sita baada ya kula hata siku tatu. Kampilobakta hukawia zaidi, siku mbili hata tano, na mara nyingine kuhara kwake huwa na damu. Ndiyo sababu mtu aliyekula kuku siku ya Jumapili, akaugua siku ya Alhamisi, hulaumu maharage ya Jumatano.

Mtu mzima mwenye nguvu hupona baada ya siku chache. Mtoto mchanga, mzee, mama mjamzito na mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, hao wanaweza kufa, na kinachowaua mara nyingi ni kukaukiwa na maji. Basi mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa bila kilima, na akiwa na damu katika choo, au macho yamedidimia, au hawezi kunywa, apelekwe zahanati siku ile ile.

Kisu, pipa na mikono

Kazi ya usafi huanza usiku wa kuamkia siku ya kuchinja. Kuku anyimwe chakula kwa muda wa saa nane hata kumi na mbili, ila maji asinyimwe, kwa kuwa utumbo uliojaa hupasuka upesi na kumwaga kinyesi juu ya nyama. Hapo ndipo penye taksiri kubwa ya wachukuzi, wanaowaninginiza kuku kichwa chini kwenye usukani wa boda boda tangu vilimani Bwesumbu hadi sokoni, wakafika wamechafuana wao kwa wao. Tenga pana lililooshwa lingalifaa zaidi, kwa kuku na kwa mlaji.

Kisu kiwe kikali. Wachinjaji wengi wa nchi hii ni Waislamu, na mafundisho yao yanakubaliana barabara na elimu ya vijidudu katika jambo moja ambalo haraka ya soko huliharibu, nalo ni kumwacha mnyama mpaka roho imtoke. Kuku anayetumbukizwa angali anapumua huyavuta maji machafu ya pipa hadi mapafuni na katika vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini mwake, na huko hakuna mkono wala sabuni itakayofika. Dakika mbili au tatu zatosha, naye awekwe kichwa chini ndani ya dumu la plastiki lililokatwa kitako na kupanuliwa mdomo, asipige mabawa wala asigaegae katika damu.

Sasa tufike kwenye pipa. Maji yanayochemka hayafai, kwani hupika ngozi ikachanika. Yanayotakiwa ni ya nyuzi 58 hadi 60, na kuku akae humo muda wa dakika moja au pungufu yake. Asiye na kipimajoto asihangaike. Juu mlimani Bwesumbu maji hayangoji kufika nyuzi 100 yapate kuchemka, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Ukichanganya ndoo moja ya maji hayo na ndoo moja ya maji ya baridi utapata takriban joto unalolitaka, kisha jaribu unyoya mrefu wa bawa, ukitoka kwa kuvutwa kidogo maji yamefaa. Basi liache pipa juu ya mafiga liwe la kuchemshia tu, asiingizwe kuku humo kabisa, na mahali pa kutumbukiza pawe ndoo au karai pembeni, ambalo maji yake humwagwa na kutiwa mapya kila baada ya kuku kumi, au kabla ya hapo yakigeuka rangi. Twajua kuni ni ghali. Lakini karai dogo lahitaji maji kidogo, na pipa moja la kuchemshia laweza kulijaza mara nyingi asubuhi nzima.

Joto lile hufungua vitundu vya manyoya, na ngozi ikipoa hufumba tena, pamoja na kilichoingia. Kwa hiyo maji yakiwa machafu, uoshaji wa baadaye husafisha juu juu tu.

Anayenyonyoa asitumbue, na anayetumbua asinyonyoe, ila akiwa ameosha mikono kwa sabuni na kubadili kisu. Katika kutumbua, shika ncha ya kisu ikiangalia juu, upasue ngozi kwa duara kulizunguka tundu la kutolea haja bila ya kuligusa, kisha ingiza vidole viwili ukiuambaa ubavu, uutoe utumbo mzima kama ulivyo, pamoja na gole, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni. Utumbo ukipasuka kwa bahati mbaya, kuku huyo awekwe kando na aoshwe peke yake kwa maji mengi, wala asirudishwe beseni moja na wenziwe. Na maji ya kuoshea yawe yanayotiririka kutoka dumu lenye bomba, kama yale yaliyowekwa kila mlango pale Mpondwe mwaka 2019, ulipotokea ugonjwa wa Ebola. Watu walizoea kunawa kwa bomba wakati ule, na madumu mengi yangalipo.

Meza na visu visuguliwe kwanza kwa sabuni, kwa maana klorini haifanyi kazi juu ya mafuta, ndipo vipanguswe kwa dawa ya klorini ya kufulia: ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja kikubwa kwa lita mbili na nusu za maji.

Kutoka machinjioni hadi sahanini

Katika joto la uwandani Kasese, kijidudu kimoja cha salmonela kikipata unyevu na chakula huweza kuwa viwili kila dakika 20. Kuku aliyechinjwa saa kumi na moja alfajiri na kuuzwa saa sita adhuhuri amempa kijidudu hicho muda wa kuzidi milioni mbili. Pasipo barafu, chinja kwa kadiri ya wanunuzi, na nyama isikae nje zaidi ya saa mbili.

Nyumbani, usimwoshe kuku mbichi juu ya vyombo safi, maana matone huruka mbali. Mtie sufuriani moja kwa moja. Wachoma kuku wa barabarani, wenye kazi ya muchomo, wasiikatie kachumbari juu ya ubao uliolaza nyama mbichi, wala wasimchome nusu asubuhi wakammaliza jioni. Ameiva anapofika nyuzi 74 ndani ya paja: maji yanayotoka kwenye kiungo hayana wekundu.

Manyoya, damu na matumbo yafukiwe katika shimo lenye kifuniko, mbali na kijito, kwa kuwa walio chini ya mlima huteka maji hayo hayo. Kazi ikiisha, karai lisuguliwe, lipitishiwe maji yanayochemka, ligeuzwe kinywa chini juu ya chanja, likauke mpaka asubuhi.