Mpe Shangazi Aitumie

Haya wadogo zangu, sogeeni karibu. Ujumbe wenu siku hizi unafanana: "Dada, kozi nimemaliza, cheti ninacho, video nimeangalia mpaka bando likaniishia, lakini nikipewa kazi yenyewe mikono inatetemeka." Mmoja kaniambia ameshatengeneza programu ya orodha ya kazi za siku mara kadhaa, kila mara kwa lugha mpya. Huyo nimempenda kwa bidii yake, ila leo nitamsema kidogo.

Mdogo wangu, hiyo programu yako haina mtu. Ikizima usiku huu nani atakupigia simu? Wewe mwenyewe hujaifungua tangu siku uliyoimaliza. Kitu kisichotegemewa na yeyote kitakufundisha kuandika mistari, basi. Kukitunza kikiwa hewani hakitakufundisha, na ofisini utunzaji ndio unaokula siku nzima. Kwa hiyo tafuta mtu mwenye shida. Mama yuko kwenye kikoba? Shangazi anakusanya michango ya ukoo? Kwaya ina daftari la ada ambalo kila Jumapili linazua maneno? Anzia hapo.

Na usione haya kwamba ni hobi. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwatangazia watu kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, akasisitiza ni hobi tu, hautakuwa mkubwa. Mfumo huo ndio Linux, na leo simu yako ya Android inao ndani yake. Git nayo aliitengeneza mwaka 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya zana waliyokuwa wakihifadhia kazi yao. Mara zote mbili kulikuwa na kitu alichokihitaji yeye mwenyewe. Hakukaa kutafuta mradi wa kupambia CV.

Tuchukue kikoba. Hisa kila wiki, mikopo, riba, faini za wachelewaji. Unaona rahisi, eti? Subiri uanze na hela. Ukihifadhi kiasi kama namba zenye nukta, kompyuta itakuambia 0.1 na 0.2 jumla yake ni 0.30000000000000004, kwa sababu inahesabu kwa mbili mbili na sehemu ya kumi haiiwezi kwa ukamilifu. Hifadhi shilingi nzima. Halafu mkopo wa shilingi 100,000 ugawe kwa marejesho matatu: kuna shilingi moja inabaki, ailipe nani, lini? Hakuna mwongozo wa intaneti wenye jibu hilo. Mweka hazina analo. Nenda ukamuulize, tena umuulize kwa heshima, ukae umsikilize. Nusu ya kazi hii ni kuuliza watu wanaojua shughuli yao.

Ukija kwenye saa ndipo utacheka. Seva nyingi za kukodi huwekwa saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mweka hazina akiingiza mchango saa 7 usiku wa kuamkia Machi mosi, watoto wakiwa wamelala, kwa seva hiyo bado ni saa 4 usiku wa mwisho wa Februari. Ripoti ya Machi itapungua na mtu ataitwa mwizi. Au umepanga ujumbe wa ukumbusho uende saa 12 asubuhi, wenyewe unafika saa 3, mama kashafungua duka na simu iko kwenye mkoba. Hapo utajifunza masuala ya saa za dunia kwa dakika chache, na hutasahau.

Hili jambo linaloitwa DevOps lisiwatishe. Jina lilishika mwaka 2009, Patrick Debois alipoandaa mkutano wa DevOpsDays mjini Ghent, Ubelgiji. Malalamiko ya waliokutana yalikuwa ya kibinadamu kabisa: wanaoandika programu wanaitupa upande wa pili, wanaoiendesha wanakesha nayo, kisha wanalaumiana. Kwenye mradi wako wa nyumbani wewe ndiye pande zote mbili. Ukiandika ovyo jioni, wewe huyo huyo utaamshwa.

Lakini wadogo zangu mnapenda kukimbilia makubwa! Kuwasha Kubernetes kwa ajili ya kikoba cha watu thelathini ni kukodi basi zima kwenda kununua mkate. Seva moja na SQLite vinatosha. Mara za mwanzo peleka toleo jipya hewani kwa mkono, amri moja moja, mpaka uchoke na ujue kila hatua inafanya nini. Ukishachoka, ziandike amri hizo kwenye faili moja liziendeshe lenyewe. Baadaye GitHub Actions ifanye hivyo kila unapopandisha mabadiliko, na majaribio ya mahesabu ya riba yapite kwanza. Docker itakuja siku programu inafanya kazi kwenye laptopu yako na inakataa kwenye seva. Siku hiyo hutahitaji mtu wa kukushawishi.

Sasa nakala za akiba. Hapa nitakaa, maana wengi mnanijibu "ninazo, dada" halafu hamjawahi kuzifungua. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab akihangaika usiku na hitilafu alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pembeni. Njia za kuhifadhi nakala zilikuwepo zaidi ya moja. Iliyotegemewa ilikuwa imeshindwa kimyakimya kwa sababu matoleo ya programu hayakulingana, na barua pepe za kuonya kuhusu hilo zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, na nawapa heshima kwa hilo. Basi wewe, kila mwisho wa mwezi, chukua nakala yako, irudishe kwenye kompyuta tupu, jumlisha hisa, ulinganishe na daftari la mama. Ndiyo, daftari. Usimwambie mama alitupe! Nani kakuambia programu yako imekomaa kiasi hicho?

Funguo za siri na nywila usiziweke kwenye Git. Ukiziweka kisha ukafuta ule mstari, historia bado inazo. Kilichobaki ni kuzibadilisha. Na majina na namba za simu za wanachama ni vyao, si vya kuonyeshea watu kazi yako. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kazi ya kuonyesha waajiri ijaze majina ya kubuni.

Wale mnaoniambia hamna hela ya seva: laptopu kuukuu ya kaka iliyovunjika kioo, wekeni Linux, iwe seva ya mezani. Umeme ukikatika na kurudi, programu iamke yenyewe bila wewe kugusa kitu. Systemd inafanya hivyo, na kukatika kwa umeme kutakukagua bila kukuonea aibu. Asiye na laptopu kabisa aanze na Termux kwenye simu. Inachosha macho, sikufichi, ila amri za Linux ni zile zile.

La mwisho ni la yule aliyeuliza kama aunganishe malipo ya simu moja kwa moja. Bado, mdogo wangu. Ukiwa Kenya, Daraja ya Safaricom ina uwanja wa majaribio wenye hela za kuchezea, cheza humo utakavyo. Kwa sasa programu iandike tu nani katoa nini, hela yenyewe ikae pale ilipokuwa inakaa, chini ya wale wenye funguo. Na ada ya domeni usitoe mfukoni mwako: ipeleke kwenye mkutano wa kikundi, waijadili, wailipe. Wakigoma kulipa hata hiyo, waulize kwa upole ni kitu gani kwenye programu hakiwasaidii, uchukue kalamu.