Mwaka Ujao Katika Siku za Maradhi

Somo la mwisho wa mwaka kwa sharika na walimu. Masomo ya kusomwa kwanza: Yeremia mlango wa 28, na mlango wa 29 aya ya 1 hata 14.

Ndugu wapendwa, kila mwaka ufikapo ukingoni watu huombeana heri ya mwaka mpya. Maneno hayo ni mema, nasi twayapenda. Lakini katika mwaka wa maradhi makuu kinywa huyasema kwa kusitasita. Sisi tuliouona mwaka 2020 twakumbuka jambo hilo. Tarehe 11 Machi ya mwaka ule Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima. Hata Desemba ilipofika, watu wengi wakasema: Mwaka huu na uishe upesi, mwaka 2021 tutapumua. Mwaka 2021 ukaja, na hesabu ya waliotangazwa kufa kwa ugonjwa ule ulimwenguni ikazidi ile ya mwaka uliotangulia. Hali ya hatari ya dunia haikutangazwa kuwa imekoma mpaka tarehe 5 Mei 2023.

Basi wale walioweka tumaini lao juu ya kalenda walivunjika moyo mara mbili: kwanza kwa ugonjwa wenyewe, tena kwa ahadi ambayo hakuna aliyewapa. Maradhi ya namna hii hayakuanza mwaka 2020, wala hatuwezi kusema kwamba hayatakuja tena. Kwa hiyo yafaa tujifunze sasa: Mkristo autazamieje mwaka ujao, hali maradhi yangali mlangoni pake?

1. Manabii wawili

Katika siku za Yeremia watu wengi wa Yuda walikuwa wamekwisha kuchukuliwa mateka mpaka Babeli. Akaondoka nabii mmoja, jina lake Hanania, akawaambia watu kwamba katika muda wa miaka miwili mambo yote yatarudi kama zamani. Yeremia aliposikia, alijibu Amina. Maana yeye naye alikuwa na ndugu katika taabu ile, naye angalifurahi kama neno lile lingalikuwa kweli. Lakini hakuona ruhusa ya kuwaahidi watu jambo ambalo Mungu hakulisema.

Kisha aliwapelekea mateka barua. Katika barua hiyo alitaja miaka sabini, yaani miaka mingi kupita maisha ya wengi walioisoma. Akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, tena wauombee heri mji ule waliohamishiwa.

Tuwaangalie manabii hawa wawili. Hanania aliwapa watu tarehe, na ilipopita hawakubaki na kitu. Yeremia aliwapa kazi ya kufanya na Mungu wa kumwita, na mambo hayo mawili yaliwatosha mwaka baada ya mwaka. Mtu hapandi mti kama hana tumaini; naye aupandaye hahitaji kujua ni nani atakayekula matunda yake.

2. Nyumba ya Luther mwaka 1527

Mfano wa pili tutautoa katika habari za kanisa letu wenyewe. Mwezi wa Agosti 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg, huko Ujerumani. Mtawala wa Saksonia, Johann, aliamuru walimu na wanafunzi wa chuo kikuu wahamie mji wa Jena, naye alimwandikia Dr. Martin Luther aende pamoja nao. Luther hakwenda. Yeye na mchungaji Johannes Bugenhagen walibaki mjini, maana walisema wagonjwa hawawezi kuachwa pasipo mhubiri.

Tusidhani kwamba alibaki kwa sababu moyo wake ulikuwa na nguvu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alikuwa ameanguka kwa ugonjwa hata akadhani anakufa, akamwungamia Bugenhagen dhambi zake. Baada ya mwili kupata nafuu, roho yake iliingia gizani siku nyingi, akawaandikia rafiki zake kuwasihi wamwombee. Mtu huyo aliyekuwa akijaribiwa namna hii ndiye aliyekwenda kuwatazama wagonjwa wa tauni. Mke wa mkuu wa mji alipokuwa akifa, Luther alikuwapo kitandani pake.

Nyumba yake ilifanyika kama hospitali. Mkewe, Katharina, alikuwa mja mzito. Mtoto wao Hans, aliyekuwa bado mdogo wa mwaka mmoja na miezi michache, aliugua hata asiweze kula. Mke wa shemasi Georg Rörer, aliyekuwa ndugu yake Bugenhagen, alizaa mtoto mfu, naye mwenyewe akafa kwa tauni. Ndipo Bugenhagen na watu wa nyumbani mwake walipohamia kwa Luther, wapate kufarijiana.

Siku ya kwanza ya Novemba, katikati ya taabu hiyo, Luther aliandika barua kwa rafiki yake Nikolaus von Amsdorf. Alimweleza habari za wagonjwa waliomo nyumbani, na jinsi anavyomwogopea mkewe aliyekaribia kujifungua. Tena alikumbuka katika barua hiyo kwamba imetimia miaka kumi tangu alipoanza kuyapinga mauzo ya vyeti vya msamaha. Hivyo mtu aliyezungukwa na kifo alipata nafasi ya kuhesabu mambo ambayo Mungu amekwisha kuyatenda. Jambo hili tulishike: asiyeweza kuona mbele, na atazame nyuma, kusudi apate neno la kushukuru.

Tarehe 10 Desemba 1527 Katharina alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Elisabeth. Hans naye alipona. Mwaka ulipokuwa ukiisha tauni ilianza kupungua, na mwezi wa Aprili 1528 chuo kilirudi mjini.

3. Mashauri yake kwa wakati wa tauni

Katika mwaka ule ule Luther alichapisha kijitabu kwa kumjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyemwuliza kama Mkristo ana ruhusa kuikimbia tauni. Majibu yake yatufaa hata leo, nasi twayataja kwa kifupi.

Kwanza, mwenye wajibu juu ya wengine asiwaache. Alitaja wachungaji, wakuu wa miji, watumishi na mabwana zao, wazazi na watoto wao, hata jirani ambaye hana mwingine wa kumwuguza. Mtu asiyefungwa na wajibu wa namna hiyo anaweza kuondoka pasipo dhambi, wala aliyebaki asimhukumu.

Pili, tusimjaribu Mungu. Aliwakemea watu waliodharau dawa na kujionyesha kwamba hawaogopi. Alifundisha kutumia dawa, kuzifukiza nyumba, na kujitenga na mahali na watu ambapo hatuna haja ya kuwapo, tusije tukawachukulia wengine ugonjwa. Lakini jirani akimwita kwa haja ya kweli, alisema, atakwenda. Tena alishauri makaburi yawe nje ya mji.

Tukumbuke kwamba watu wa wakati ule hawakujua tauni yatoka wapi. Chembe inayoileta iligunduliwa mwaka 1894 na Alexandre Yersin, huko Hong Kong. Baadaye ikajulikana kwamba viroboto wa panya ndio wanaoichukua. Leo mgonjwa akiwahi kupata dawa huweza kupona. Basi, ikiwa yeye asiyejua asili ya ugonjwa alijihadhari hivyo kwa ajili ya jirani yake, je! sisi tulioonyeshwa mengi tutajitetea kwa neno gani tukizembea? Kunawa mikono, kukaa mbali na watu mtu anapougua, kupokea chanjo iliyothibitishwa, si kukosa imani. Ni njia ya kumpenda jirani.

4. Mwaka uliofuata

Watu hupenda kuimaliza hadithi hapo ambapo tauni imekwisha na mtoto amezaliwa. Lakini sisi hatuna budi kusema yote. Tarehe 3 Agosti 1528 Elisabeth alikufa, akiwa hajatimiza miezi minane. Aliokoka katika mwaka wa tauni, akafa katika mwaka uliotazamiwa kuwa wa nafuu. Baba yake alimwandikia rafiki yake kwamba hakujua kabla kama moyo wa baba waweza kulegea kiasi kile kwa ajili ya mtoto. Hakuona haya kulia. Mwenye tumaini hakukatazwa machozi.

Wala kazi ya mwaka ule haikusimama. Bugenhagen alikuwa ameitwa kwenda kulitengeneza kanisa katika miji mingine, naye Luther akahubiri mahali pake. Mara tatu katika mwaka 1528 aliwahubiri watu wa Wittenberg mafundisho ya Katekisimo, yaani Amri, Imani, Sala ya Bwana na Sakramenti. Tena alikwenda kukagua sharika za mashambani, akaona jinsi watu, hata baadhi ya wachungaji, wasivyojua mafundisho ya kwanza. Kutoka kazi hiyo vilipatikana vitabu viwili vya mwaka 1529: Katekisimo Kubwa na Katekisimo Ndogo.

Ninyi walimu, kitabu kile kidogo mnachowafundishia watoto wa kipaimara kiliandikwa na baba aliyefiwa, muda si mrefu baada ya tauni kutoka mlangoni pake. Mwezi wa Novemba 1527, alipokuwa akiwahesabu wagonjwa wa nyumbani mwake, hakujua kwamba kitabu hicho kitakuwako, wala kwamba kitafika kwetu. Alijua tu kazi ya siku ile, akaifanya.

5. Tuwaambie watu nini?

Mwalimu akisimama mbele ya usharika usiku wa kufunga mwaka, na maradhi yangalipo, asiwaambie kwamba mwaka ujao hautakuwa na kilio. Hilo ni neno la Hanania. Wala asiwaambie kwamba mambo yote yameharibika, maana hilo nalo Mungu hakulisema. Na awakumbushe kwamba miaka yote imo mikononi mwa Bwana yule yule. Kisha na awaulize habari za kazi: Ni nani aliye mgonjwa na hana wa kumtekea maji? Mjane gani hana mbegu za kupanda? Watoto gani wamebaki pasipo mtu wa kuwalipia shule? Usharika ujibuo maswali hayo umekwisha kuuanza mwaka mpya kwa tumaini, hata kama hali haijabadilika.

Na yeye ambaye moyo wake ni mzito hata hawezi kuomba, asijihesabu kuwa nje ya watu wenye tumaini. Na afanye kama Luther alivyofanya: awaambie ndugu zake wamwombee, kisha afanye kazi ndogo iliyo mbele yake.

Maswali ya kufikiri pamoja

1. Kwa nini Yeremia alimjibu Hanania Amina, na bado hakukubali kuufundisha ujumbe wake?
2. Katika usharika wetu, ni nani wanaofungwa na wajibu wasiweze kuwaacha wagonjwa? Tumewasaidiaje?
3. Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu?
4. Taja jambo moja jema lililopandwa kwetu katika mwaka wa taabu, ambalo matunda yake tumeyaona baadaye.
5. Ni kazi gani tunayoweza kuianza mwezi wa Januari, iwe maradhi yamekwisha au hayajaisha?

Mungu wa amani awalinde ninyi na watu wa nyumbani mwenu katika mwaka huu unaokuja, awape na kazi ya kufanya humo. Amina.